Miwani sita, majirani ishirini, jua moja

Haya jamani nimerudi. Safari hii barua karibu zote ni za jua, yaani mimi nimekaa nasubiri maswali ya mawifi na madeni kama kawaida yetu nakuta watu wanauliza habari za kivuli na miwani, na kusema ukweli nimefurahi maana ya madeni yamenichosha. Mimi mwenyewe jua kupatwa lote nimeliona mara moja tu, nyingine zote zilikuwa za kumegwa megwa, kwa hiyo mengine nitasema kwa kuwa nimeyaona na mengine kwa kuwa nimeyasoma. Twende.

SWALI: Shikamoo shangazi. Jua litapatwa na sisi tupo kabisa ndani ya ule ukanda ambao litafunikwa lote. Majirani tumekubaliana tutoke wote uwanjani tuangalie pamoja, tukihesabu na watoto tunafika ishirini. Shida ni miwani ya kuangalizia, tunayo sita tu, na kuna mmoja ameshaanza kusema bora kila mtu abaki kwake kuliko kuja kugombana. Hizo sita zinatosha kweli? – Mwenye Uwanja

JIBU: Marahaba mwanangu. Zinatosha na chenji inabaki. Watu wanafikiri jua likipatwa ni tukio la dakika mbili tatu kwa hiyo kila mtu lazima awe na yake, kumbe toka mwezi unaanza kulimega mpaka unalifunika lote inapita kama saa nzima na zaidi, halafu likishaanza kuachia ni saa nyingine tena mpaka liwe zima, na hakuna binadamu anayekaa ametumbulia macho juu saa nzima, shingo itamuuma. Unaangalia sekunde chache, unasema loo limepungua, unampa mwenzio, unaendelea na stori, baada ya dakika kumi unaomba tena. Miwani moja kwa watu watatu wanne ni sawa kabisa, na mimi nitakwambia hata ni bora, maana miwani ikizunguka watu wanaongea, yule asiyesalimiana na yule inabidi amwambie nipe na mimi. Halafu zile dakika zenyewe jua likishazibwa lote miwani haina kazi, wote ishirini mnaangalia kwa macho matupu na hakuna wa kumuonea mwenzie wivu.

Ila zikagueni mapema, msingoje siku yenyewe. Vaa ukiwa ndani ya nyumba, hutakiwi kuona kitu, sio meza sio sura ya mtu, labda taa kali sana uione kwa mbaaali. Ukiona vitu hiyo ni miwani ya fasheni tu, weka pembeni. Ikiwa na tundu, mkwaruzo au ile karatasi yake nyeusi imeachia kwenye fremu, tupa, usije ukasema utaziba na selotepu. Kiwango chake kinaitwa ISO 12312-2 na huwa kimeandikwa ubavuni, lakini kuandika hata tapeli anajua kuandika kwa hiyo maandishi peke yake yasikutoe wasiwasi.

Na namna ya kuvaa nayo ni muhimu, wengi wanakosea hapa. Inama kwanza, vaa, ndio unyanyue uso. Ukimaliza geuka pembeni kabisa ndio uvue. Mnapopokezana mkononi mtu asivue huku bado kaelekea juani. Anayevaa miwani ya macho asiivue, hizi anazivalia juu yake. Binokula na darubini msithubutu kuchungulia mkiwa mmevaa hizi za karatasi, lenzi inakusanya mwanga inautoboa ule ukaratasi na nyuma yake kuna jicho lako, filta ya binokula inakaa mbele kule linakoingilia jua, sio huku kwenye jicho. Watoto wadogo kila mmoja awe na mtu mzima wake wa kumshika, sio mtu mmoja kwa watoto saba, hapo mtaliwa.

SWALI: Shangazi, mume wangu anataka twende kwa rafiki zake kilomita 150 kutoka hapa eti kule jua litafunikwa lote. Hapa kwetu nimeambiwa ni asilimia 98. Si ni yale yale tu? Mimi safari sizipendi. – Nimechoka Mapema

JIBU: Sio yale yale mama. Pole, najua ulitaka niseme ni yale yale.

Jua linawaka kama mara 400,000 kuliko mwezi mpevu, sasa hiyo asilimia mbili iliyobaki ni kama mwezi mpevu 8,000 kwa pamoja, huo sio usiku. Utaona mwanga umekuwa wa ajabu ajabu kama vile mtu kapunguza taa, kaubaridi kidogo, basi, na miwani huwezi kuivua hata dakika moja. Zile nywele nyeupe za jua zinazoitwa korona huzioni, nyota huoni, ndege hawaendi kulala. Tofauti ya 98 na 100 ni tofauti ya kusimama nje ya ukumbi wa harusi unasikia muziki na kuwa ndani unacheza. Ule ukanda wa kivuli mara nyingi hauzidi kilomita mia mbili na kitu kwa upana, na sehemu moja hiyo hiyo ya dunia kwa wastani inakaa kama miaka 375 mpaka ipate tena, kwa hiyo ukiupata kilomita 150 tu shukuru.

Mkienda msiishie pale pembeni mwa ukanda mkasema tumefika. Pembeni ni sekunde chache, katikati ni dakika, ukisogea ndani kidogo tu unaongeza muda mwingi. Na nendeni siku moja kabla, mrudi kesho yake. Marekani mwaka 2017 na tena 2024 watu walienda kwa siku tofauti tofauti lakini kurudi walirudi wote saa ile ile jua lilipoachia, foleni zikawa za masaa na masaa. Ukishaliona wewe kaa tu na hao rafiki wa mumeo mpige stori, haraka ya nini.

SWALI: Baba mkwe anasema wao zamani walikuwa wanaangalia kwa filamu ya X-ray au kwenye beseni la maji na hakuna aliyepofuka. Tunamheshimu mzee na hatutaki kumbishia mbele za watu. Tufanyeje? – Mkwe Mpole

JIBU: Mzee msimbishie, mpeni kiti mbele na mumpe miwani ya kwanza, atavaa mwenyewe. Wazee wengi wanakataa kitu kwa sababu hawakupewa wao kwanza.

Lakini nyinyi mjue ukweli. Filamu ya X-ray, kioo kilichopakwa moshi, CD, miwani ya jua hata ukivaa mitatu kwa pamoja, vyote hivyo vinapunguza mwanga unaouona lakini mionzi mingine usiyoiona inapita, na kwa vile unaona giza zuri unaangalia kwa muda mrefu na mboni inafunguka zaidi. Maji ya beseni kweli yanapunguza ila sio kiasi cha kutosha. Na kibaya zaidi retina, ule utando wa nyuma ya jicho, hauna maumivu, unaungua na wewe unacheka tu, masaa baadaye au kesho asubuhi unaona doa katikati ya kila unachokiangalia na wengine halitoki tena. Kwa hiyo hao waliosema hawakupofuka, pengine wengine walikuwa na doa na hawakujua limetoka wapi. Jua lenyewe siku hiyo halina sumu mpya, ni lile lile la kila siku, tofauti ni kwamba siku nyingine huwezi kulikazia macho na siku hiyo unataka. Kioo cha mafundi welding kinafaa kikiwa namba 14, sio chochote ulichokiokota.

Sasa nawapa kitu cha kumfurahisha mzee na uwanja mzima. Tafuteni kioo kidogo cha kujitazamia, kifunikeni na karatasi yenye tundu la milimita 5 hivi, kiegesheni juani kikipeleka mwanga kwenye ukuta ulio kivulini, mbali kidogo. Kwenye ukuta itatokea duara la jua na duara hilo litamegwa vile vile jua linavyomegwa. Kila mita moja ya umbali inakupa kama sentimita moja ya picha, kwa hiyo ukuta ukiwa mita 15 mnapata jua la karibu sentimita 14, watu ishirini wanaangalia kwa pamoja kama sinema, na hakuna anayeangalia juu. Sharti ni moja tu, mtu asikitazame hicho kioo chenyewe, macho ukutani. Na chini ya mti angalieni ardhini, zile nafasi za kati ya majani kila moja inachora kajua kake kenye umbo la hilali, mamia kwa mamia, na chekecheo la jikoni linafanya hivyo hivyo, hata vidole ukivipishanisha. Watoto wanaweza kushinda hapo hata jua lenyewe wakalisahau.

SWALI: Naomba kujua kitaanza nini kitafuata nini, na ni lini hasa navua miwani maana nikiwahi nitaumia na nikichelewa nitakosa. – Muoga wa Saa

JIBU: Swali zuri kuliko yote ya leo.

Saa nzima ya kwanza ni polepole, mwezi unaingia kwa upande mmoja kama mtu anamega, na wengine watachoka waanze kuchezea simu, waache. Dakika ishirini za mwisho ndio vitu vinaanza, mwanga unakuwa kama wa bati, sio wa jioni, jioni inakuwa njano huu ni wa kijivu kijivu, vivuli vinakuwa vikali mpaka unaona nywele moja moja za mkono kwenye kivuli chako, joto linashuka. Tandikeni shuka jeupe chini, dakika moja mbili za mwisho wakati mwingine vinapita vimistari vya mwanga na giza vinatambaa kama vile vinavyocheza chini ya maji yakitikiswa. Sio kila mara vinaonekana, mimi sikuviona, aliyekuwa amesimama karibu yangu anaapa ameviona. Kama mpo juu ya kilima angalieni upande kivuli kinakotokea, kinakuja kwa kasi ya ndege na zaidi.

Halafu jua linabaki uzi, uzi unakatika unakuwa shanga shanga, hizo zinaitwa shanga za Baily, ni mwanga unaopenya kwenye mabonde ya mwezi, ikibaki shanga moja inang'aa kama jiwe la pete. Hapo bado umevaa. Jiwe likizimika na ndani ya miwani huoni kitu kabisa, VUA. Vua uangalie kwa macho yako. Pale jua lilipokuwa kuna shimo jeusi tii na pembeni yake nywele nyeupe zimetawanyika, na pengine vindimi vyekundu ukingoni, Zuhura mara nyingi inawaka pembeni, na ukigeuka huku na huku upeo wote unaokuzunguka una rangi ya machweo, pande zote nne. Watu watapiga kelele. Mimi nililia na sijui nililia nini.

Hii inachukua dakika mbili mpaka nne mara nyingi, dunia nzima haiwezi kuzidi saba na nusu hivi. Upande wa pili ukianza kung'aa na shanga ya kwanza kutokeza, vaa haraka, usiseme nimalizie.

Halafu jambo dogo ambalo hakuna mtu aliniambia. Zimeni zile taa za nje zinazojiwasha zenyewe giza likiingia. Siku ile mimi naangalia, dakika ya kwanza tu taa ya ukutani kwa mtu ikawaka puu usoni kwetu, na mwenyewe kafunga mlango hayupo. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Aliyekuja na gari pia asiwashe taa.

SWALI: Mimi ni mjamzito wa miezi sita na kila mtu ananiambia nisitoke nje, nisishike mkasi, nifunge madirisha. Ni kweli mtoto atapata alama? – Mama Mtarajiwa

JIBU: Hapana mwanangu. Hakuna ushahidi wowote wa kisayansi kwamba kupatwa kwa jua kunamdhuru mtoto tumboni, ni kivuli tu, na kivuli unakaa nacho kila siku chini ya mti. Toka, vaa miwani kama wengine, kaa kwenye kiti, kunywa maji maana masaa mawili matatu nje ni mengi kwako. Wanaokukataza wanakupenda, usiwajibu vibaya.

SWALI: Nataka kurusha laivu kwa simu. Simu itaharibika? – Mzee wa Kontenti

JIBU: Ukiilengesha juani muda mrefu bila filta unahatarisha kamera, na hata isipoharibika picha itatoka doa jeupe tu ambalo ndugu zako watauliza hii ni balbu? Ziba lenzi na kipande cha filta ile ile ya miwani wakati linamegwa, likifunikwa lote toa.

Ila mimi nakushauri kitu kingine. Iweke simu juu ya kiti, igeuze iwatazame watu na sio jua, iache irekodi yenyewe toka dakika tano kabla, usiishike tena. Picha za jua siku hiyo zitapigwa na wenye mitambo duniani kote, nzuri kuliko yako mara elfu, lakini sura ya jirani yako mdomo wazi gizani na sauti za watoto wenu hakuna atakayezirekodi isipokuwa wewe. Dakika tatu zikiisha bado unahangaika na skrini utajilaumu.

SWALI: Na mawingu je? – Mwenye Mashaka

JIBU: Mawingu ndio mchawi wa hii shughuli. Tarehe 29 Mei 1919 Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwa cha Príncipe pwani ya Afrika Magharibi, kasafiri wiki na wiki kwenda kupiga picha nyota zilizo karibu na jua ili kupima kama mwanga unapinda vile Einstein alivyosema, asubuhi mvua, jua lenyewe linapatwa mawingu yanapita. Alipiga picha nyingi zikamfaa chache sana. Wenzake waliokuwa Sobral kule Brazil walipata anga zuri zaidi, na matokeo ya pande zote mbili kwa pamoja ndio yakamfanya Einstein ajulikane dunia nzima. Kwa hiyo nyinyi fuatilieni utabiri siku mbili kabla, na kama kuna mwenye gari na sehemu iliyo wazi zaidi haiko mbali, semeni mapema ili msije mkaanza kubishana asubuhi hiyo hiyo.

Yakiwafunika msirudi ndani. Giza linakuja tu, tena chini ya mawingu linakuwa zito zaidi, baridi linakuja, ndege wananyamaza. Korona mtakosa, hilo siwezi kukudanganya.

SWALI: Kwa nini haitokei kila mwezi wakati mwezi unapita kila mwezi? Na nyingine ni lini? – Darasa la Sita

JIBU: Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia, kwa hiyo mara nyingi kivuli chake kinapita juu yetu au chini yetu kinakosa dunia. Ya tarehe 12 Agosti 2026 inapita Greenland, Iceland na Hispania. Ya 2 Agosti 2027 ndio ndefu, inaanzia Hispania, inakata Afrika Kaskazini, Misri karibu na Luxor ni zaidi ya dakika 6, inaenda Saudia, Yemen na kumalizia ncha ya Somalia kabla ya kuingia baharini. Ya 22 Julai 2028 ni Australia, Sydney imo, na New Zealand. Hongera kwa kuandika barua mwenyewe, hati nzuri.

SWALI: Shangazi, pale kwetu kuna jirani mmoja ni mtu mzuri lakini anaongea. Kila kitu anaeleza. Tukiwa naye ule wakati wenyewe ukifika atakuwa anatuhutubia. Tumuambieje bila kumvunja moyo? – Masikio Yamechoka

JIBU: Msimnyamazishe, mpeni kazi. Mtu wa namna hiyo mfanyeni mtunza saa. Muda wa kila hatua kwa mahali mlipo unajulikana mpaka sekunde, aandike kwenye karatasi, aweke alamu, awe anatangaza, zimebaki kumi, zimebaki tano, zimebaki mbili. Zikiingia zile dakika zenyewe ana maneno mawili tu ya kusema, VUA na VAA, na hilo la pili alitoe sekunde ishirini kabla kwa sababu kuna watu watakuwa wamepigwa na butwaa hawasikii. Mwambieni usalama wa macho ya uwanja mzima uko mikononi mwake. Atakaa kimya kuliko wote, nakuhakikishia, atakuwa anaogopa kukosea.

SWALI: Shangazi mpendwa, nimewaandalia majirani zangu maelezo mafupi ya kuwasomea siku ya jua, kurasa 11. Nimegusia jinsi jua lilivyo kubwa mara 400 kuliko mwezi na liko mbali mara 400 hivyo yanalingana machoni, jinsi mwezi unavyosogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka mpaka siku za mbali sana utashindwa kulifunika, jinsi gesi ya heliamu ilivyogunduliwa kwenye mwanga wa jua baada ya kupatwa kwa mwaka 1868, na ndege ya Concorde mwaka 1973. Nianze kusoma saa ngapi? – Mpenda Elimu

JIBU: Mmmh. Nina wasiwasi na wewe tumeshakuongelea hapo juu kidogo, lakini tuyaache.

Una saa nzima ya kwanza, itumie. Hiyo ya mara 400 sema mwanzoni kabisa watu wakiwa bado na hamu. Ya Concorde isome katikati wakianza kuchoka, maana ni tamu, ndege inakimbizana na kivuli cha mwezi juu ya Afrika na waliomo ndani wanakaa kwenye giza dakika 74 wakati waliosimama chini walipata saba tu hata mwenye bahati, hapo hata watoto watakusikiliza. Sentimita 3.8 sema ukiulizwa. Zilizobaki zikunje mfukoni, baada ya jua kuachia kuna saa nyingine nzima na watu watakuwa hawataki kwenda nyumbani, hapo watakuuliza wenyewe. Na kuna jirani atakuja kukuletea saa na karatasi ya muda, pokea.